Nilivyomshinda zimwi la rungu kwenye Legend of Grimrock

Kila niliyemuuliza hapa Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igoma, alinipa ushauri uleule: ukikutana na dude kubwa, kimbilia kwenye korido, piga, rudi nyuma, piga tena. Ushauri huo ulinipotezea karibu wiki nzima, na bado unanikera, kwa sababu anayeufuata anaishia kuamini gemu lenyewe ni gumu kupita kiasi.

Kwa asiyelijua: ni gemu la Almost Human, kampuni ya Finland, lilitoka 2012. Wafungwa wanne wanatupwa ndani ya mlima na unawaongoza kushuka levo kwa levo. Unatembea mraba mmoja mmoja kama kete ya drafti, ila hakuna zamu. Ukisimama kufikiri, adui hasimami.

Kikosi changu kilikuwa cha kawaida: minotauri (mtu mwenye kichwa cha fahali) na binadamu mbele, wote wapiganaji, nyuma mjusi mwenye upinde na mdudu mchawi. Wa nyuma hawafikii adui kwa upanga, wape upinde, mkuki au uchawi.

Sasa ile korido. Zimwi la rungu likikuona kwenye mstari ulionyooka linakuja mbio kukuparamia, na ndani ya korido huna kushoto wala kulia. Unarudi nyuma kwa kitufe cha S, unapiga, alama ya mkono wa mpiganaji kwenye skrini inafifia hadi silaha iwe tayari tena, na kabla haijawa tayari rungu limeshatua. Nilijaribu korido ndefu zaidi, nikafika ukutani. Nikajaribu yenye kona: pale konani lazima ugeuke, na ukigeuka ubavu unabaki wazi, kwa hiyo pigo linampata aliye upande ule, hata mchawi wa nyuma. Mchawi hana mwili wa kustahimili rungu.

Dawa ni uwanja wazi. Unahitaji miraba minne tu, miwili kwa miwili, isiyo na shimo wala nguzo. Tuseme uko kusini-magharibi unatazama kaskazini, na zimwi liko mbele yako. Bonyeza D, unahamia kusini-mashariki bila kugeuka. Mmekaa pembe kwa pembe, na hakuna adui wa rungu anayepiga kwa pembe. Ili likufikie linageuka mashariki, linapiga hatua, halafu linageuka tena kukutazama. Hapo katikati, likiwa mbele yako lakini uso wake bado uko mashariki, ndipo unapopiga: kitufe cha kulia cha maus kwenye silaha ya kwanza, kisha ya pili, na papo hapo A, unarudi magharibi. Likija tena mbele yako, piga, D. Likiingia ubavuni kushoto badala ya mbele, bonyeza Q ulitazame, piga, kisha D, ambayo sasa inakupeleka kaskazini.

Kosa la wengi ni tamaa. Wanadhani adui amekaribia kufa, wanangoja pigo la tatu. Usingoje. Mapigo mawili, hatua. Mchawi mwandalie mapema: mkiwa pembe kwa pembe, chagua alama ya moto peke yake, halafu uachie mara tu zimwi linapoingia mbele. Moto ule unafika mraba wa mbele tu, ukiwahi unaunguza hewa.

Mwendo huuhuu ndio unaofaa kwa mifupa inayotembea minne kwa pamoja, ingawa pale nilihitaji muda zaidi kuuzoea.

Laptop bila maus haifai kabisa kwa kazi hii. Mkono wa kushoto uko kwenye vitufe vya kutembea (WASD) na vya kugeuka (Q na E), wa kulia unapiga. Kwa kidole kwenye padi utachelewa kila mara. Maus ya waya mjini ni kama elfu kumi, pengine chini ya hapo.

Umeme wetu nao unajulikana. Kabla ya kuingia chumba chenye zimwi nabonyeza F5 kuhifadhi nilipofikia, na F9 inanirudisha hapo. Lakini F5 inafuta hifadhi yake iliyotangulia, kwa hiyo ukiibonyeza ukiwa umebanwa kwenye kona umejifungia humo. Hifadhi nyingine kupitia menyu kila unapofika levo mpya.

Zimwi langu lilianguka kwenye mzunguko wa kumi na kitu, minotauri akiwa hajaguswa hata mara moja. Nilikuwa nimelivuta hadi karibu na kioo cha buluu, kile kinachoponya wote na kufufua waliokufa, nikiwa nimekiacha bila kukigusa tangu nilipofika levo ile, maana kikishatumika kinafifia na lazima ungoje kijae upya.