Kubangua korosho: faida inakaa kwenye nzima

Anayeingia kwenye ubanguaji huku Mtwara kwa kawaida huja na hesabu fupi: ghafi kilo ni hii, iliyobanguliwa kilo ni ile, toa, baki ni yangu. Hesabu hiyo imewamaliza wengi kabla msimu wa pili haujafika, kwa sababu kilo 100 za ghafi hazitoi kilo 100. Kwa mashine za mkono natoa kilo 22, kazi ikienda vizuri 24. Zilizobaki ni ganda, mafuta ya ganda, ngozi ya ndani na maji yaliyokauka.

Nachukua bei za mfano, wewe weka za kwako. Tani moja ya ghafi kwa shilingi 3,500 ni 3,500,000. Ukitoa kilo 220, kila kilo iliyobanguliwa imeshakula ghafi ya takribani 15,900 kabla hujamlipa mtu wala kununua mkaa. Tuseme malipo ya kazi, mkaa, vifungashio na usafiri ni 1,200,000. Korosho nzima nauza 26,000, zilizovunjika 15,000. Nikipata nzima asilimia 80, mauzo ni 5,236,000 na kinachobaki ni 536,000. Nikipata nzima asilimia 60, kwa ghafi ileile, watu walewale na mkaa uleule, mauzo ni 4,752,000. Kinachobaki ni 52,000, hela ya kuchangia msiba ikaisha.

Kwa hiyo mimi siulizi tumebangua kilo ngapi leo. Nauliza nzima ni asilimia ngapi. Na nzima haiamuliwi na mkono wa mbanguaji peke yake, mara nyingi imeshaharibika kabla hajaishika.

Naanza na ghafi. Kwanza uhalali: korosho ghafi huku zinauzwa kwa stakabadhi ghalani, yaani mkulima anapeleka ghalani, anapewa risiti na mzigo unauzwa kwa mnada, kupitia AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika) na vyama vikuu. Kuzunguka uani kwa watu na bakuli ni kangomba, ununuzi wa magendo, utapoteza mzigo na jina. Ofisi ya Bodi ya Korosho ipo hapahapa Mtwara. Naenda kabla ya msimu kuuliza utaratibu wa wabanguaji wadogo kwa mwaka huo, sitegemei maneno ya mwaka jana.

Kabla ya kulipa napima. Nachota kidogo kidogo kutoka magunia mbalimbali, juu, katikati na chini, nachanganya hadi nipate kilo moja kamili. Nazipasua zote, natoa viini, natenga vilivyo safi, vyenye doa au vilivyosinyaa, na vilivyooza. Safi nahesabu uzito wote, vyenye doa na vilivyosinyaa nusu, vilivyooza sifuri. Jumla ya gramu nazidisha kwa 0.176, napata ratili za kiini (ratili moja ni gramu 454) kwa gunia la ghafi la kilo 80. Mfano: safi gramu 270, vyenye doa gramu 20 ambazo nahesabu 10, jumla 280, sawa na ratili 49 na kidogo. Mzigo wa ratili 49 hauna ubishi. Ukishuka chini ya 46 nauacha hata kama bei inavutia, maana kazi ya kubangua korosho mbovu ni ileile na mkaa ni uleule.

Kuna swali huwa linamtatiza anayeanza: ratili 49 kwa gunia ni karibu kilo 28 kwa kila 100, mbona mwishoni zinapatikana 22? Kile kipimo kinapima kiini kikiwa na ngozi yake na unyevu wake. Ukikausha na kumenya, uzito unashuka. Usimshike mtu wizi kwa hilo.

Ghafi ikifika naianika tena hata kama muuzaji ameapa imekauka. Siku 2 hadi 3 za jua juu ya turubai au sakafu ya saruji, tabaka jembamba, nageuza mara 3 kwa siku na kufunika kabla ya umande. Iliyokauka ukiitikisa sikioni inalia, na ukucha hauachi alama kwenye ganda. Ghafi ya kuweka ghalani iwe chini ya asilimia 10 ya unyevu, kwenye magunia ya katani, juu ya mbao, mbali na ukuta. Hili linahitaji ukali, kwa sababu mbanguaji mdogo ananunua Oktoba hadi Desemba mzigo wa kumfikisha miezi mingi mbele, na mvua zinakuja zikimkuta amejaza stoo. Mfuko wa nailoni kwa ghafi ni kaburi, unatoa jasho na ukungu unaanza katikati ambako huoni.

Baadaye ni kupanga kwa ukubwa. Nina machekeche ya matundu ya milimita 18, 20, 22 na 24. Wengi huruka hatua hii wakidhani ni ya viwanda vikubwa, na mimi naona hakuna hatua inayolipa kama hii kwa gharama ndogo. Visu vya mashine ya mkono na mguu vimekunjwa kufuata umbo la korosho, na nafasi kati yake unaifunga kwa ukubwa mmoja tu. Ukichanganya, ndogo zinapita bila kukatwa na kubwa zinakatwa mpaka kwenye kiini.

Mvuke ndio moyo wa kazi. Natumia pipa lenye stendi ndani, bati lenye matundu juu ya stendi, maji chini yasiyogusa korosho, na mfuniko mzito. Kwa mara moja naweka kilo 20, za ukubwa mmoja. Muda nauhesabu kuanzia mvuke unapotoka kwa nguvu juu, sio kuanzia nilipowasha moto: ndogo dakika 20, kubwa 25 hadi 30. Zikikosa mvuke, ganda ni gumu na kiini kimeshikana nalo, utakichomoa vipandevipande. Zikizidi, kiini kinageuka njano na ganda linakuwa kama ngozi ya kiatu, linajikunja kwenye kisu badala ya kupasuka. Moto unaweza kuuwasha kwa maganda yenyewe, yanawaka sana kwa mafuta yake, ila moshi wake unawasha macho na kifua. Pipa likae nje, upande ambao upepo hauleti moshi kwa watu. Jikoni pa chakula usiyaingize kabisa.

Halafu zinapumzika. Namwaga sakafuni tabaka jembamba na kuziacha saa 12 hadi 24. Ganda linarudi kuwa gumu na kiini kinasinyaa kidogo ndani, kinaachana nalo. Hapa ndipo haraka inapoua faida: oda imekuja, mtu anataka kubangua zikiwa bado na joto, na nzima zinashuka siku hiyohiyo. Nikiwa na oda ya Ijumaa, mvuke ni Jumanne. Hakuna njia ya mkato niliyoiona ikifaa.

Kwenye mashine wanakaa wawili, mmoja anakanyaga na kukata, mwenzake anachomoa kiini kwa kisu kidogo chenye ncha. Mafuta ya ganda yanaunguza ngozi na kuacha mikono meusi inayobambuka. Kabla ya kuanza kila mtu anapaka mafuta ya nyonyo, au ya kula kama nyonyo hayapo, na anaweka karibu majivu ya kukaushia vidole. Kunawa ni mafuta kwanza, ndipo sabuni, maana maji matupu hayaondoi kitu. Anayechomoa viini asishike maganda kwa mkono uleule, kwa sababu kiini kilichopata mafuta hayo kinatoka na doa la kahawia na kushuka daraja kikiwa kizima.

Malipo ya wabanguaji yalinilazimu kufikiri upya. Ukilipa kwa kilo tupu, bila kutenga nzima na zilizovunjika, unanunua haraka, na haraka inavunja. Sasa nzima ina bei yake na iliyovunjika nusu ya hiyo. Hilo peke yake halikutosha, maana mbanguaji alikuwa na hoja ya haki: akipewa pipa lililopikwa vibaya, anaadhibiwa kwa kosa la mpika mvuke. Ndiyo maana kila pipa lina namba ya chaki, na namba hiyo inaifuata ndoo mpaka mezani pa kuchambulia. Ubaoni naandika nzima kwa namba ya pipa, sio kwa jina la mtu. Pipa likishuka chini ya asilimia 70 kwa wabanguaji wote, kosa ni la mvuke au la ghafi, na kila mmoja analipwa wastani wake wa wiki. Likishuka kwa mashine moja tu, naangalia visu kwanza, kisha mkono. Kina mama waliozoea kazi hii wananiambia kisu kimelegea kabla mimi sijaona, na siku hizi nawasikiliza. Malipo ni jioni ileile. Wengi wanapitia sokoni wakirudi nyumbani, na mtu anayedaiwa unga hatulii kwenye kisu. Kwa sababu hiyo hela ya kazi naitenga siku ninayonunua ghafi. Ukiimaliza yote kwenye magunia, utakuwa na stoo iliyojaa na mashine zilizolala.

Kukausha viini: nyuzi joto 70, saa 6 hadi 8, trei nazibadilisha nafasi kila saa 2 kwa sababu oveni ya mkaa ina upande unaochoma. Kipimajoto ni lazima, usikisie kwa mkono. Lengo ni unyevu wa asilimia 3 hadi 4, na dalili ni ngozi kutoka kwa kusuguliwa kati ya vidole. Zikibaki na unyevu, mmenyaji anakwangua na kuacha majeraha. Zikikauka kupita kiasi zinavunjika zikiguswa.

Halafu kuna jambo la pwani ambalo mbanguaji wa Masasi au Newala halimsumbui sana. Hewa ya huku kwetu ina unyevu. Trei ikilala wazi usiku mmoja, ngozi inanywa maji na kushika tena, asubuhi ni kama hukukausha. Zikipoa tu naziweka kwenye ndoo zenye mfuniko wa kubana, na mmenyaji anachota kidogo kidogo. Oveni naiwasha saa 5 usiku ili alfajiri zitoke, zipoe, zimenywe siku ileile. Kumenya ni kwa kisu butu au kijiti cha mianzi, kikali kinachana.

Baada ya kumenya nachambua: nzima nyeupe, nzima zilizoungua, nusu, vipande na chenga. Nyeupe zina namba zake, W240 ni 220 hadi 240 katika ratili moja, W320 ni 300 hadi 320. Huhitaji mashine, pima gramu 454 na uhesabu. Kumwambia mnunuzi wa Dar es Salaam "kubwa" ni kumpa nafasi ya kubishana, mwambie W240 na asilimia ya zilizovunjika. Mimi naahidi zisizidi 5.

Kiini kikavu mno kinavunjika safarini, kwa hiyo kabla ya kufunga nakiacha kwenye chumba safi chenye hewa kidogo, unyevu wake ufike karibu asilimia 5, saa chache tu. Mfuko uwe mzito, uliotolewa hewa, gramu 250 na 500. Nailoni nyepesi ya sokoni inapitisha hewa na unyevu, zinachacha na vidudu vinaingia, na mteja hatalalamika, atahamia kwa mwingine. Za kuoka nanyunyizia maji yenye chumvi, chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai kwa kilo, naoka nyuzi 130 hadi 140 kwa dakika 15 nikigeuza mara kwa mara. Nazitoa kabla rangi haijakolea, kwa kuwa zinaendelea kuiva zikiwa kwenye trei.

Karatasi nazo zisikutishe: TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya halmashauri, jina la biashara lililosajiliwa BRELA. Kwa alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, mjasiriamali mdogo anapitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kupata barua ya utambulisho, anza mapema kwa sababu ukaguzi wa jengo utakurudisha kwenye dari, wavu wa madirisha na mahali pa kunawia. Mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, unafaa kununua mashine na oveni. Kwa ghafi naukwepa, kwani marejesho huanza wakati korosho bado ziko kwenye magunia.

Soko la nzima ni maduka na hoteli zinazojua namba. Stendi ya Mkanaledi inachukua pakiti ndogo za kuoka, na maonyesho ya wakulima ya Nane Nane pale Ngongo, Lindi, inaleta wanunuzi wa jumla usiowajua. Nusu na vipande nawauzia waoka keki na watengeneza siagi ya korosho kwa oda, kilo 5 kwenda juu, wakilipa kabla sijapakia. Chenga zinabaki kwa majirani, bei ya kuelewana, kipimo ni kikombe.