Ankara imepita XSD, hesabu haijakubali

Leo mchana ankara ya XML imepita XSD 1.0 (sheria za muundo wa faili la XML) safi kabisa. Mistari miwili: 50000 na 30000. Jumla iliyoandikwa: 90000.

XSD 1.0 inakagua aina ya data, mpangilio na idadi ya elementi. Kujumlisha mistari na kulinganisha na jumla, hapana. Hiyo ni kazi ya Schematron (lugha ya kuandika sheria za kukagua XML), au assert ya XSD 1.1 (ila xmllint, programu ya kukagua XML, haiijui 1.1, msihangaike nayo).

Sheria yenyewe ni fupi. Kwenye schema ya Schematron weka queryBinding="xslt2", kisha context="ankara", na test:

xs:decimal(jumla) = sum(mstari/xs:decimal(kiasi))

Hiyo xs:decimal msiiondoe! Bila hiyo namba zinageuzwa kuwa double (namba za desimali za makadirio), na 0.1 + 0.2 inatoa 0.30000000000000004. Ankara halali ya senti inakataliwa, na mhasibu ana haki ya kukasirika.

Ila kinachoniumiza kichwa zaidi ni ukimya.

Ankara ikiwa na neimspesi (namespace, anwani inayotofautisha majina ya elementi) na hujaitangaza kwa elementi ya ns na kuweka kiambishi chake kwenye majina, context="ankara" haigusi chochote. Hakuna kosa, hakuna onyo, ripoti nyeupe pee. Unadhani data ni safi, kumbe sheria haijafanya kazi hata mara moja.

Fungueni ripoti ya SVRL (matokeo ya Schematron) mtafute fired-rule, yaani alama ya sheria iliyofanya kazi. Isipokuwepo, hakuna kilichokaguliwa.

Wenzangu mnaopokea ankara za XML kila siku: hesabu mnazikagua kwenye Schematron au mnaziachia msimbo (code) wa Java? Na tofauti ya senti moja ya VAT mnaikubali?