Hita iliyofanya kazi Kangemi tu

Mama yangu huja kliniki hapa mjini Nairobi kila mwezi, na dereva wake ni mimi. Saa kumi na moja alfajiri nishatoka Uthiru napanda Limuru kumchukua. Mwezi wa saba kule ukungu umelala barabarani, na mama anapanda gari na shuka la Kimaasai mabegani, kofia ya sufu hadi masikioni na chupa ya chai mapajani. Safari hii alivumilia hadi tukapita Rironi ndipo akauliza, "Mwanangu, huku mbele umeweka friji?"

Kweli, hita ilikuwa inapuliza baridi tupu kuanzia Rironi mpaka Kinoo, mteremko wote ule. Tukikwama kwenye foleni ya Kangemi, dakika kumi hivi tukitazamana na makanga, inaanza kupasha. Foleni ikifunguka, kabla hatujafika Westlands, baridi imerudi.

Fundi wa kwanza alisikiliza nusu ya maelezo. Akasema kile kirejeta kidogo cha hita kimeziba, kiko nyuma ya dashibodi, na dashibodi yote lazima ishuke. Elfu kumi na nane, ufundi peke yake. Nikamwambia nitamrudia. Dashibodi ikishashushwa hairudi ilivyokuwa. Utaisikia ikilia kriki-kriki kwenye kila tuta mpaka siku ya kuliuza gari.

Na kilichonisumbua ni Kangemi. Kitu kilichoziba kinazibukaje kwa sababu ya foleni?

Jumapili nikalishughulikia mwenyewe. Hita ya gari haina moto wake, inaazima. Maji yanayopoza injini ndiyo yanayopita kwenye kirejeta kile, na feni inapuliza joto lake ndani. Basi nikaendesha hadi Rironi na kurudi kwa mwendo wa barabara kuu, nikaegesha, nikafungua boneti na kushika papo hapo ile mipira miwili inayopenya ukuta wa injini kwenda kwenye hita. (Shika kwa haraka, na kifuniko cha rejeta usikiguse kabisa injini ikiwa na moto.) Mmoja ungeunguza na mwingine uwe baridi, ningesema pameziba, au kuna hewa imenaswa. Yote miwili ingeunguza, kosa lingekuwa la kile kibao cha ndani kinachochagua upepo wa moto au wa baridi. Mipira yangu ilikuwa sawasawa, vuguvugu, joto la maji ya kuogesha mtoto. Maji yanafika vizuri, ila moto hayana. Na mshale wa joto kwenye dashibodi ulikuwa haujafika hata katikati.

Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, niliwasha na kuweka mkono kwenye rejeta kubwa. Ilianza kupata joto karibu mara moja, polepole, pamoja na injini. Haitakiwi hivyo. Themostati inapaswa kuyafungia maji ndani ya injini hadi yafike nyuzi 82 au zaidi, kisha ndiyo iyaachie yaende kupozwa. Nikatoa bolti mbili kwa spana namba kumi, nikafungua kikombe chake. Ndani hamna kitu. Silikoni tu pembezoni, imepakwa kama siagi kwenye mkate.

Kuna fundi mtaani kwetu aliyecheka nilipomwonyesha. "Bosi, hiyo huwa tunatoa. Hatuko Ulaya." Ndiyo desturi: gari likichemka mara moja, themostati inatupwa, na aliyechemsha, pengine feni au kifuniko kibovu cha rejeta, anabaki salama. Sasa Rironi kwenye mteremko injini haifanyi kazi kubwa, upepo unapiga rejeta, maji yanapoa kupita kiasi. Kangemi upepo hakuna, yanapata moto. Injini inayoamini bado ni baridi huongezewa petroli pia, na mimi kwa miaka miwili nilikuwa nawashuku watu wa pampu.

Nilinunua mpya Kirinyaga Road. Kabla ya kuifunga niliitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni, mke wangu akiniangalia kwa macho ya "hiyo ni sufuria ya ugali." Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi kama 94, kwa hiyo ya 82 lazima ifunguke kabla hayajatokota. Vipovu vilipoanza kupanda kutoka chini, ikaachama taratibu, kama kinyonga anayepiga mwayo.

Maji ya zamani yalitoka rangi ya strungi, maana yalikuwa ya bomba matupu. Niliyasuuza mara tatu, nikaweka kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini. Kuijaza ndiyo kazi ya subira: pua ya gari ielekee mlimani, hita iwe kwenye moto wa mwisho, unamimina kidogo kidogo huku ukiminya mipira mpaka vipovu viishe. Na kale kapini ka themostati kawe juu, hewa ipate pa kutokea.

Safari ya mwezi wa nane mama alivua kofia kabla ya Kikuyu. Akavua shuka. Kisha akaniomba nipunguze, na hapo ndipo nikakumbuka kwamba feni yangu namba moja hadi tatu zilishakufa, iliyobaki ni namba nne. Rezista yake, kile kidude kinachopunguza kasi ya feni, iko chini ya kisanduku cha abiria, skrubu mbili. Jumamosi.