Tairi pana nilizitoa, nikabaki na nyembamba na geji ya upepo

Mi kazi yangu kubwa ni kubeba korosho. Gari ni Land Cruiser pikapu, fowili (tairi zote nne zinavuta) ya kufunga kwa mkono kwenye hab, yani vitovu vya magurudumu ya mbele, na msimu ukishaanza mwezi wa kumi mpaka huko mwezi wa kwanza mimi nyumbani naonekana kwa nadra, niko huku kusini, Tandahimba, Newala, Nachingwea, Liwale, natoa magunia kwenye vyama vya msingi vijijini nayapeleka ghalani. Miezi mingine nabeba chochote, saruji, salfa, samaki. Madereva wenzangu wengi wananiuliza ilikuaje nikaacha kukwama maana miaka minne nyuma nilikuwa nakwama kila mvua ikinyesha, tena vibaya, kwahiyo naeleza hapa yote nilivyopitia.

Gari nililinunua likiwa na tairi zake za kiwandani, 7.50R16 za tyubu, nyembamba, kwenye rimu zile za kufungua na ringi, yani duara la chuma linaloshikilia tairi kwenye rimu. Mi nikaona gari limekaa kizamani. Mwaka 2021 nikaenda Dar nikanunua seti ya mitumba 285/75R16 (hiyo 285 ni upana kwa milimita), kashata, yani yale matuta ya mpira yanayoshika ardhi, kubwa kama matofali, na rimu pana za inchi nane zinazotokeza nje ya bodi. Gari lilipendeza kwa kweli. Ila kuanzia siku ya kwanza usukani ulikuwa mzito, kona kali tairi inakwaruza madigadi, tope lote linarukia milango na vioo, ulaji wa mafuta ukapanda, na ndani ya miezi saba nikabadilisha beringi za mbele pande zote mbili. Fundi aliniambia sababu ni rimu, ikitokeza nje uzito unaelemea beringi kwa pembeni badala ya kukaa katikati yake. Sikumsikiliza maana nilikuwa nimeshatoa hela nyingi.

Alafu ikaja siku ya Msimbati, pwani ya Mtwara. Nilienda kuchukua samaki, gari tupu, na wanaopajua wanajua kule gari unaweza kutembeza ufukweni kabisa, mchanga ule uliolowa maji yakipwa ni mgumu unapita vizuri tu. Shida ni kutoka pale ufukweni kupanda juu kwenye minazi, pale mchanga ni mkavu na laini kama unga. Nikaingia na nguvu zote, tairi pana, upepo psi 38 (psi ndo kipimo cha upepo) nimetoka nao lami Mtwara mjini vilevile. Mita kumi hazikufika gari likasimama, nikakanyaga mafuta, likashuka mpaka difu ya nyuma ikakaa juu ya mchanga. Na maji yalikuwa yameanza kujaa, siku zenyewe za bamvua, maji yanajaa sana. Niliogopa sana siku ile maana nilikuwa naliona wimbi kila likija linasogea.

Wavuvi wakaja na makuti na majembe tukachimba, tukasukuma, wapi. Kuna mzee mmoja alikuwa kakaa tu juu ya ngalawa anatuangalia, kumbe zamani alikuwa dereva wa malori enzi za barabara ya Kibiti haijawekwa lami, akaja pole pole akaniambia "Njomba, zima gari kwanza. Toa upepo." Nikamwambia Mzee tairi zikiwa laini si ndo nitazama zaidi? Hakunijibu, akachukua njiti ya kiberiti akaibonyeza kwenye valvu ya tairi ya mbele, akawa anaangalia tu ubavu wa tairi jinsi unavyotuna. Geji hatukuwa nayo. Alipomaliza zote nne akanionyesha kitu ambacho mpaka leo nakionyesha kwa wengine. Alama ambayo tairi iliacha pale nyuma niliposimama kabla sijazama, ile sehemu inayokaa chini, aliipima kwa mkono ilikuwa kama nusu shibiri kwa urefu. Akaniambia sogea karibu uone, tukapima tena sehemu inayokaa chini sasa, shibiri nzima. Kwa upana imeongezeka kidogo sana, ila imerefuka mara mbili. Uzito uleule wa gari umekaa juu ya eneo kubwa zaidi, ndo maana haichimbi.

Akaniambia nirudi riva kwanza kwenye njia yangu mwenyewe maana ule mchanga nilishaushindilia, alafu nije mbele kwa lo (zile gia za nguvu za fowili) gia ya pili, nisikanyage kwa hasira na nisikate kona. Gari likatoka. Watu kumi walisukuma wakashindwa na njiti ya kiberiti ikaweza, sijawahi kusahau.

Basi nikaamini dawa ni upepo, ila tairi pana nikabaki nazo. Miezi miwili baadae natoka Nangurukuru kurudi Lindi, lami, jua la saa nane, mzigo nyuma, nikasikia kitu kinapiga chini ya bodi pa pa pa alafu mshindo. Tairi ya nyuma kulia imevuka ngozi, kashata zote zimebanduka kama ganda la muwa, waya ziko nje. Namshukuru Mungu ilikuwa ya nyuma, ingekuwa ya mbele sijui. Fundi tairi Lindi mjini aliisafisha ubavuni akanionyesha tarakimu nne mwishoni mwa yale maandishi yanayoanza na DOT, ilikuwa 1411, yani wiki ya 14 mwaka 2011. Tairi ina miaka kumi na mimi nimeuziwa kama nzuri kwa kuwa kashata zilikuwa nene. Akachukua ufunguo wangu akapanua pale chini kati ya kashata na kashata, nyufa ndogo ndogo zimejaa kama udongo wa mbuga kiangazi. Tairi inazeeka hata ikikaa tu stoo. Tangu hapo siangalii unene kabla sijasoma hizo namba nne.

Nikazirudisha zile 7.50 za tyubu. Kwenye tope zikawa nzuri mno, kwenye njia za mawe nzuri, lakini nilipoenda nazo Msimbati nikashusha upepo kama nilivyofundishwa, geji ikasoma 16, tairi moja ikazunguka kwenye rimu ikabeba tyubu, tyubu ikabeba valvu, valvu ikakatika shinani. Kumbe tairi ya tyubu haivumilii upepo mdogo hivyo, nikiwa nayo sishuki chini ya 22 au 24. Na rimu za ringi zenyewe sizipendi, kuzifungua porini ni kazi, na ukijaza upepo ringi ikiwa haijakaa sawa inaruka inaua mtu. Mwenye nazo ahakikishe ametoa kabisa ule ulimi wa ndani ya valvu kabla ya kufungua, na wakati wa kujaza azungushie mnyororo na akae pembeni, asiiname juu yake hata sekunde moja.

Mwisho nikatulia na 235/85R16, tubulesi, yani zisizo na tyubu, kwenye rimu za chuma za kawaida za inchi sita. Hesabu yake ni rahisi. Urefu wake kusimama ni kama milimita 806, karibu sawa kabisa na zile 7.50, kwahiyo gia na spidi mita havichanganyikiwi, na gari liko juu vilevile. Ila ni nyembamba kuliko zile pana kwa sentimita tano. Ubavuni zimeandikwa namba ya uzito 120, maana yake tairi moja inabeba mpaka kilo 1400 ikiwa imejazwa upepo wake wote. Kwa mtu anayebeba magunia hiyo namba ndo ya kuangalia kuliko urembo wa kashata.

Sasa tope. Desemba mwaka juzi nilikuwa natoka kijiji kimoja Liwale kuelekea Nachingwea, magunia kumi na nne, gunia kilo 80, yani tani moja na kilo mia na ishirini, mvua imenyesha usiku kucha. Mbele kuna sehemu ya udongo mweusi wa mfinyanzi kama mita sitini hivi, lori limelala kushoto toka jana yake. Zamani ningekuja na spidi nijaribu bahati. Siku hiyo nilisimama mbali, nikavua viatu nikaingia na fimbo nikatembea njia yote. Kulia kulikuwa na tope la katikati ya muundi lakini chini yake fimbo inagonga kitu kigumu. Hapo nikajua tairi nyembamba itafaa, itakata tope mpaka ikute hiyo sakafu, tairi pana ingeelea juu ya utelezi na kwenda inakotaka yenyewe.

Nikafunga hab za mbele nikiwa bado sehemu kavu, hili nasisitiza maana wengi wanasubiri mpaka wazame alafu wanaanza kuitafuta hab kwa vidole ndani ya matope. Nikashusha upepo mbele 25 nyuma 32 sababu ya mzigo. Magunia sita nikawalipa vijana wakavusha kichwani. Nikaweka lo, gia ya pili, nikaingia na mwendo mmoja tu, mguu wa mafuta hauongezi wala haupunguzi, na klachi sijaigusa, maana ukikanyaga klachi katikati ya mfinyanzi gari linasimama hapo hapo na kuondoka tena ni ngumu sana. Katikati nikahisi linataka kugoma, nikachezesha usukani kidogo kushoto kulia ili kashata za pembeni zishike kuta za njia, likasogea, likasogea, likatoka. Tandiboi wangu alikuwa anakimbia pembeni anapiga kelele utafikiri tumeshinda mpira.

Baada ya hapo tairi zilikuwa kama hazina kashata kabisa, mfinyanzi umejaa kati ya kashata zote, na ukiwa hivyo mteremko unaofuata unakupeleka mtaroni. Nikakanyaga mafuta kidogo kwa sekunde chache kwenye sehemu ngumu ukaruka. Ila uliojaa ndani ya rimu hautoki hivyo, lazima fimbo. Wakati ule sikuutoa, nikafika barabara nzuri spidi 60 gari likaanza kutetemeka usukani mzima nikadhani tairodi, ule mkono wa usukani, imekatika. Nilishuka nikakuta matope yamekauka ndani ya rimu ya mbele upande mmoja kama kilo mbili. Nikachokonoa, likatulia.

Kwenye mteremko mrefu, mfano ukitoka juu Newala kushuka bondeni kwenda mto Ruvuma wakati wa utelezi, mi naweka lo gia ya kwanza naacha injini ishikilie, miguu yote iko sakafuni. Ukigusa breki tairi inafunga, ikifunga inateleza, na usukani hapo hauna kazi. Inataka moyo mara ya kwanza maana mguu wenyewe unakwenda kwenye breki bila kuutuma.

Lingine watu wanalirahisisha ni kurudisha upepo. Ukishashusha 16 usizidishe spidi 30, ukiwa na 25 usizidishe 50 au 60, tairi laini inakunjika kila mzunguko inapata moto na moto ndo unaipasua. Nilinunua pampu ya volti 12 ya kubana kwenye betri, sio zile za kuchomeka kwenye kiberiti cha sigara zinakata fyuzi tu, dakika nne au tano kwa tairi. Na kuna kipimo nakitumia kujua upepo unatosha kwa mzigo nilionao. Asubuhi tairi ikiwa baridi napima, tuseme nyuma nimeweka 48, nikitembea kama saa moja napima tena. Ikipanda mpaka 54 hivi sawa. Ikipanda zaidi ya hapo maana yake asubuhi niliweka kidogo, tairi inakunjika sana inajichemsha, kwahiyo kesho naongeza. Usije ukapunguza ikiwa ya moto kwa kuona imepanda, utakuwa umeiharibu zaidi. Na ukifika lami ondoa fowili, kwenye gari hizi zetu ukiacha imefunga kwenye lami kavu gari linakaza, usukani mzito, na kinachoumia ni gia boksi na difu.

Maji mengi yanayokimbia sijaribu na tairi yoyote. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita barabara ya Dar ikakatika Somanga, kuna waliotaka kupitia vichochoroni, mimi nilikaa Lindi. Mto wa kawaida natembea kwa miguu kwanza, ukivuka magoti yangu nasubiri, kwa sababu mito yetu mingi ya huku mvua ikikata mchana jioni umeshashuka.

Seti hii mpaka sasa imefika kilomita elfu 41, pancha nimeziba tatu tu, mbili misumari na moja mwiba. Za mbele zimeanza kulika upande wa nje, nahisi ni bushi, ntapeleka alaimenti mwezi wa tisa kabla korosho hazijaanza kudondoka.