Karatasi ya mikojo kwenye choo cha kazi

Siku ya kwanza kuiona nilicheka mpaka machozi. Rangi za mkojo zimepangwa ukutani, toka maji ya njano kidogo mpaka kahawia kama chai ya rangi, chini wameandika ukijikuta huku kunywa maji kwanza kabla hujapanda kwa kamyo ya mgodi, ile tunayoendesha. Nikapiga picha nikamtumia yaya, ndugu yangu mkubwa wa mtaa wa Katuba, akajibu "sasa banaangalia mpaka mikojo ya batu?!"

Lakini mwezi wa 10 hapa Lubumbashi mnaujua, mvua bado, jua linachoma, na klima ya kamyo, ile mashine ya baridi, ikikufa unakauka bila kujua. Sasa mimi naangalia ile karatasi kila siku, mnicheke tu.

Kilichonigeuza kabisa ni tansio, presha ya damu. Walianza kutupima kabla ya zamu, mama wa dispansari akanifunga mkono, akanyamaza, akapima tena: 170 kwa 110. Sikuwa nasikia kitu, hata kichwa hakikuuma! "Papa, leo haupande mu kamyo." Nilikasirika juu ya primu, pesa ya nyongeza ya usiku, niliwaza bukari, ugali wa batoto. Akaniuliza nakula nini, nikasema bukari na bitoyo, samaki wa chumvi, akacheka, chumvi yote njo hiyo. Siku hizi bibi yangu, mke wangu, analowesha bitoyo usiku kucha anamwaga yale maji, na mimi nameza dawa.

Usingizi nao, walituambia mtu aliyekaa macho masaa 17 anaendesha kama aliyekunywa pombe. Fikiria zamu ya usiku, mchana nyumbani jirani amefungulia muziki, alafu unapanda toka karyeri, shimo la mgodi, na mawe tani na tani mgongoni.

Ila mpira wa wafanyakazi na tisheti za afya bila kumwagia barabara maji, ni mchezo. Vumbi la mawe yenye silika, madini yaliyo kwenye mchanga, likishaharibu mapafu hayarudi, na linafungulia kifua kikuu mlango. Maji barabarani kwanza, tisheti baadaye.

Wazee wetu walisema Union Minière, kampuni ya migodi ya wakoloni, njo baba njo mama (ndiyo baba ndiyo mama), na papa yangu wakati wa Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi, alikuwa na hospitali, shule yetu na posho ya unga. Mpaka leo sheria ya kazi ya 2002 inamtaka patro, mwenye kazi, amtibu mfanyakazi pamoja na bibi na batoto. Sawa, lakini bale ba sutretansi, walioajiriwa na makampuni yanayopewa kazi na mgodi, je? Tunakula vumbi moja, kwenye kupimwa wanaambiwa kadi yenu iko wapi.

Wiki iliyopita mmoja wao, kijana wa miaka 31, alinifuata saa ya kula, "yaya, niombee kwa ule mama anipime na miye". Mama akaangalia mlango, akamfunga mkono haraka haraka. 165. Akamwandikia kwenye kipande cha karatasi bila jina, kijana akakikunja akaweka mfukoni, akachukua kofia yake akarudi kwa mashine.