"Fungua terminali," lakini ipi?

Nyaraka nyingi za lugha ya Python huanza na `python3 -m venv .venv`, kisha `source .venv/bin/activate`, amri za kuunda na kuwasha mazingira ya mradi yaliyotengwa. Mwenye Ubuntu (aina ya Linux) au Mac kwa kawaida anapita. Mwenye Windows anakwama hapo hapo, maana kwake folda ya `bin` haipo. Ipo `Scripts`, na amri ni `.venv\Scripts\Activate.ps1`. Hata akiijua, PowerShell, moja ya terminali mbili za Windows, inaweza kugoma kuendesha skripti mpaka aandike `Set-ExecutionPolicy -Scope CurrentUser RemoteSigned`.

Hilo afadhali, kosa linaonekana. Balaa ni amri inayofeli kimyakimya. Nyaraka zinasema `export API_KEY=abc123`, yaani uweke ufunguo wa huduma mahali programu itausoma. Mtu anaulizia, anaambiwa "kwenye Windows tumia `set`". Ushauri huo ni wa cmd, terminali ya zamani ya Windows. Akiandika `set API_KEY=abc123` ndani ya PowerShell, hakuna kosa lolote linalotokea: `set` humo ni jina fupi la `Set-Variable`, kwa hiyo inaundwa variabo tupu inayoitwa `API_KEY=abc123`, yote hiyo ikiwa jina. Programu inaendelea kulalamika kwamba ufunguo haupo, naye anaapa kwamba ameuweka. Sahihi ni `$env:API_KEY = "abc123"`. Na kwenye cmd asiweke alama za nukuu, kwani zitaingia ndani ya ufunguo wenyewe.

`curl`, amri ya kutuma maombi kwa seva, nayo ina mtego wake. Katika PowerShell 5.1, inayokuja na Windows, jina hilo linaita `Invoke-WebRequest`, ambayo haielewi `-H "Authorization: ..."` kama curl inavyoielewa. Andika `curl.exe`, imo ndani ya Windows 10 tangu toleo 1803. Amri ndefu iliyokatwa kwa `\` mwishoni mwa mstari, iandike kwa mstari mmoja tu na yaishe. Ukitaka kuikata, badala ya `\` PowerShell inataka alama ya `` ` ``, cmd inataka `^`.

Wenye Mac wasicheke sana: `sed -i 's/a/b/' faili.txt` ya Linux, inayobadilisha maneno ndani ya faili, inawagomea. `sed -i.bak` inafanya kazi pande zote mbili.

Jibu la "weka WSL", yaani Linux ndani ya Windows, ni la mkato mno. WSL 2 inahitaji uwezo wa mashine pepe uwashwe, mara nyingine kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka), na kompyuta ya maabara ya chuo haimpi mwanafunzi ruhusa hiyo.

Mwandishi wa nyaraka ataje juu ya kila kisanduku cha amri kama ni bash (terminali ya Linux), cmd au PowerShell. Kisha amri hizo zijaribiwe. Kwenye GitHub Actions, huduma inayoendesha majaribio yenyewe, ongeza `windows-latest` na `macos-latest` pembeni ya `ubuntu-latest`. Ila angalia: kwenye Windows, hatua za `run` hutumia `pwsh`, yaani PowerShell mpya, ambamo jina fupi la `curl` lilishaondolewa. Usipoandika `shell: powershell`, jaribio litapita huku msomaji wako akiendelea kukwama.