Maji ya Karanga

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Neno la wiki hii ni 2 Samweli 23:13-17. Mwenye Biblia karibu aisome kwanza mistari hiyo mitano, kisha arudi tukae pamoja. Neno hili limekaa nami karibu mwezi mzima kabla sijaliandika, maana siwezi kulieleza bila kusema nilichomfanyia mume wangu. Nimemwomba ruhusa. Amesema niandike.

Mume wangu ni mpagazi. Hubeba mizigo ya wageni mlimani Kilimanjaro, safari za siku sita au saba, mara nyingi kwa njia ya Machame, wakipandia geti la Machame na kushukia Mweka. Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, kibanda changu kiko jirani na soko la Mbuyuni. Wakati huo nilikuwa nimeahidi laki moja kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu. Harusi zetu mnazijua: vikao kila Jumapili jioni, kadi ya singo na kadi ya dabo, ndafu itakayoingizwa ukumbini kwa nyimbo, na siku hizi kundi la WhatsApp ambamo katibu anatuma orodha ya majina kila usiku. Aliyemaliza ahadi anawekewa tiki. Jina langu lilikaa wiki tatu bila tiki. Usiku watoto wakishalala nilikuwa naifungua ile orodha, naitazama, naifunga.

Mume wangu akarudi siku ya Jumamosi. Akaoga, akakaa, akatoa pesa kwenye mfuko wa koti, akaziweka mezani. Nikazihesabu mbele yake. Kisha nikasema, "Siku saba, baba, ndiyo hizi tu?"

Hakujibu. Akamaliza chai yake, akaenda kulala. Nilizihesabu zile noti kabla sijamtazama usoni, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko hata neno lenyewe.

Jumatatu akapita kibandani kijana mmoja wa timu yao, zipu ya begi lake imekufa. Wakati namtafutia zipu ya rangi inayofanana, akaniuliza, "Mama, shingo ya mzee inaendeleaje?"

Nikamwuliza shingo imefanya nini. Akanyamaza kidogo, akaona kwamba sijui, lakini alikuwa ameshaanza.

Kwa wale ambao hamjui mambo ya mlimani: kwa njia ile kambi ya mwisho kabla ya kilele inaitwa Barafu, iko juu ya mita 4,600, na pale hakuna maji. Hakuna chemchemi wala kijito. Maji ya mwisho yako bonde la Karanga, karibu mita 4,000. Kwa hiyo chai inayonywewa Barafu, supu ya wageni, maji ya kujaza chupa zao wakati wanaamshwa usiku wa manane kwenda kileleni, vyote hivyo vimepandishwa kutoka Karanga na mtu. Mgeni mmoja huambiwa anywe lita tatu au zaidi kwa siku, kwa sababu ya hewa ya huko. Dumu la lita 20 ni kilo 20, na kilo 20 ndio ukomo wa mzigo wa mpagazi. Wapagazi wenyewe wengi hawafiki kileleni. Wageni wakienda, wao wanabaki Barafu na mahema na madumu.

Safari ile kijana ndiye aliyezidiwa na mlima. Kichwa kilimpasuka, akatapika, dumu lake likabaki Karanga. Mume wangu alifika Barafu na mzigo wake, akautua, akageuka, akashuka tena mpaka Karanga, akalipandisha lile dumu la mwenzake. Njia ile mara mbili kwa siku moja. "Nilitaka nimpe tipu yangu," kijana akaniambia, "akakataa. Tena akanigawia na ya kwake, akasema nikifika tu mjini niende hospitali nikapimwe."

Nikaishona ile zipu. Sikuweza kumdai hela.

Jioni mawingu yalifunguka na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, akaonekana, mweupe, kama anavyofanya baada ya siku nzima ya kujificha. Nilikuwa nimesimama bombani pale Pasua nikikinga maji kwenye ndoo. Maji yetu yanatoka huko juu. Wazee wetu walichimba mifongo, yaani mifereji ya maji, maji yakawafuata mpaka kwenye migomba, kila mtu na zamu yake, na siku ya kusafisha mfongo asiyetokea alitozwa faini. Kwetu maji hushuka. Yule niliyemhesabia pesa mezani alikuwa ameyapandisha.

Sasa twende kwa Daudi. Yuko katika pango la Adulamu, ni wakati wa mavuno, na Wafilisti wameikalia Bethlehemu, mji wake wa kuzaliwa. Akapata hamu ya maji ya kisima cha nyumbani, kile kilicho karibu na lango. Hakumtuma mtu. Biblia inasema alitamani, akasema. Mashujaa watatu wakalisikia lile tamanio, wakapenya katikati ya jeshi la Wafilisti, wakateka maji, wakarudi nayo. Na Daudi akakataa kuyanywa. Akayamimina mbele za BWANA, akasema yale ni damu ya watu waliokwenda kwa kuhatarisha maisha yao.

Nilipokuwa shule ya Jumapili hadithi hii iliniudhi kweli. Nyumbani tulichota maji mferejini kabla ya kwenda shule, na mtoto aliyemwaga ndoo alirudishwa kuchota upya hata kama kengele imeshalia. Nilimwona Daudi hana shukrani. Watu wamejitoa mhanga, yeye anamwaga! Nilimwambia mwalimu wetu hivyo, naye akasema nitaelewa nikikua. Imechukua miaka mingi, lakini nadhani sasa naelewa kidogo. Mle pangoni mtu mwingine yeyote angepokea maji. Daudi alipopokea aliiona njia yote, kutoka kisimani mpaka mkononi mwake, na wale Wafilisti katikati. Kiu yake haikuwa ya uongo, ila aliitanguliza mikono iliyoleta. Mimi nilitanguliza orodha ya katibu.

Lakini kuna jambo limenisumbua katika mistari hii, nami nalisema wazi. Sisi hatuwezi kumwaga. Zile pesa za mezani zilikuwa ada, unga, luku. Ningezimwaga wapi? Upendo wa nyumbani karibu wote uko hivyo: mtu anakuletea kitu kilichomgharimu mwili wake, nawe huna budi kukitumia mpaka kiishe, na kesho anakwenda tena. Nimeomba sana juu ya hili. Ninachokiona mpaka sasa ni kwamba Daudi hakumimina kimya kimya. Alisema. Wale watatu walisikia kwa masikio yao kwamba mfalme anajua maji yale ni nini. Kumwaga siwezi, kusema naweza. Nitakunywa, maana nina kiu na watoto wana kiu, lakini nitaitaja gharama mbele za Mungu na mbele ya aliyeleta.

Wazee wetu wa Kichagga walikuwa na jani la isale kwa siku kama ile. Ukimwendea uliyemkosea ukiwa umelishika mkononi, umeshasema yote, na ni vigumu mtu kulikataa. Nilitamani kuwa nalo. Nilipika mtori, nikakaa mbele yake, nikamwambia, "Baba, nimesikia habari za Karanga. Nisamehe kwa lile neno la Jumamosi."

Akauliza nani ameniambia. Nikamtaja. Akakaa kidogo, akasema, "Yule mtoto angetufia, mama." Hakuongeza neno. Nikachemsha maji, nikamkanda shingo.

Kibandani kwangu redio haizimwi, Bongo Fleva asubuhi mpaka jioni. Nazipenda nyimbo za mapenzi, na sikubaliani na wanaosema mwamini azizibie masikio zote. Wimbo Ulio Bora umo ndani ya Biblia, na ndimo tunamosoma kwamba maji mengi hayawezi kuuzimisha upendo. Lakini nina binti anayejifunza kushona kwangu, ana miaka kumi na tisa, na nyimbo hizo anazisikiliza kama mtu anayesomewa mkataba. Mwanaume wa kwenye wimbo anaapa kufa. Anaapa kununua gari, kuhamisha milima, kumpeleka mpenzi wake Ulaya. Kisha binti anafungua simu, anakuta watu wanatimiza miaka mitano ya ndoa, keki ndefu, nguo za kufanana, maneno matamu chini ya picha. Juzi akaniuliza, na aliuliza kwa uchungu, nadhani kuna mtu anamsumbua moyo: "Mama, utajuaje kwamba mtu anakupenda kweli?"

Zamani ningemwambia aangalie anavyotoa. Sasa nimemwambia aangalie anavyopokea. Kutoa kunaweza kufanywa kwa ajili ya macho ya watu, na kijana mwenye pesa ya siku mbili anaweza kumpofusha msichana kwa siku mbili. Nikamwambia, nenda kwao, mtazame mama yake akimwekea chakula. Je, anajua mama ameamka saa ngapi? Akipewa chai na mdogo wake, anasema kitu au ananyoosha mkono tu huku macho yako kwenye simu? Mtazame akilipwa na mtu aliyejinyima. Mtu asiyeona mikono ya mama yake hataiona ya kwako, hata akikuimbia vizuri namna gani. Binti hakusema kitu, akarudi kwenye cherehani yake. Lakini alipunguza sauti ya redio.

Nisije nikaeleweka kwamba kwetu anayebeba ni mmoja. Januari ni mwezi wa sare za shule, na mwaka huu nilikuwa na sketi kumi na mbili za kukabidhi asubuhi, umeme ukakatika saa tatu usiku. Mume wangu alikuwa nyumbani. Akachukua ile taa yake ya kichwani, ya mlimani, akakaa pembeni yangu akaishika ielekee kwenye sindano. Nilikuwa natembeza cherehani kwa miguu. Saa sita, saa saba. Kila sketi ina marinda yake, na rinda likikosea unafumua. Sketi ya tisa akaniuliza, "Hii wanakulipa shilingi ngapi?" Nikamwambia. Akanyamaza kama mimi nilivyopaswa kunyamaza ile Jumamosi. Tangu siku hiyo sijamsikia akisema kushona ni kazi ya kukaa.

Kuna mahali naogopa neno hili lisitumiwe vibaya. Wale watatu walikwenda kwa hiari, kwa kumpenda Daudi, na Daudi aliwatukuza. Dada yangu unayesoma hapa, ambaye mume anachukua pesa za kikoba chako kwa nguvu, anakunywea, anarudi kukupiga: huyo si Daudi, nawe Mungu hakukuagiza uende Bethlehemu kila usiku ukavunjwe mifupa. Mwambie mchungaji, waambie wazee wa kanisa, na kama kuna kupigwa, nenda polisi, kuna dawati la jinsia na watoto. Usikae na jambo hilo kwa jina la uvumilivu. Paulo aliposema upendo huvumilia, katika sura hiyohiyo alisema haufurahii udhalimu.

Na sisi wenye dada wa kazi nyumbani, ambao wanaamka saa kumi na moja kuchemsha maji ya kuogea watoto wetu, tusome pia Yakobo 5:4 kabla mwezi huu haujaisha. Sitaeleza, aya yenyewe inajieleza.

Alhamisi iliyopita mume wangu alishuka tena. Safari hii nilimngoja nje. Nilimpokea begi, nikamtazama uso kwanza, midomo imepasuka kwa baridi, macho mekundu. Akaoga, akakaa, akapeleka mkono kwenye mfuko wa koti. Nikamwambia, "Baba, acha kwanza. Maji mlichota wapi?"

Akacheka. Kisha akaanza kueleza. Kwamba asubuhi kule Karanga maji yalikuwa yameganda pembeni ya kijito, wakavunja kwa jiwe. Kwamba yule kijana sasa anabeba vizuri, anatembea polepole kama alivyofundishwa. Kwamba kulikuwa na mgeni mmoja, mama mtu mzima, alipopewa chai pale Barafu akauliza maji haya yametoka wapi, na alipoonyeshwa lile bonde kwa kidole akasimama akaja kuwashika mikono wote, mmoja mmoja, kabla hajainywa. Miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kunieleza mlima kwa kirefu hivyo. Chai yake ikapoa. Nikaipasha.

Alipomaliza akanigeukia, akasema, "Na wewe, mama? Ile kazi ya suti za kwaya uliimalizaje peke yako?"